Nimeyasingizia Maji ya Bomba

Newala, Alhamisi. Asubuhi ukungu, mchana jua la kukausha korosho, jioni hii upepo. Miguu ninayo, ila haisikii amri.

Nakuandikia, shajara, nikiwa nimelala chali, maana kukaa kitini kunahitaji kukunja magoti, na magoti yangu tangu jana hayataki mazungumzo na mtu. Jumamosi nikijaliwa kushuka Masasi nitayachapa haya kwenye blogu yangu, pale kwenye duka la intaneti chini ya majabali, kama kawaida yangu, ikiwa umeme utakuwepo.

Leo nimesema uongo mbele ya mkuu wangu wa shule, mbele ya fundi bomba, na mbele ya kidato cha pili kizima.

Na nikiulizwa kesho nitausema tena.

Kwa wewe uliyeingia humu kwa bahati mbaya ukitafuta bei ya korosho: mimi ni mwalimu wa Baiolojia kwenye shule moja ya kata huku juu. Kwetu ni Lukuledi, ambako nilikua nikiamini maji ni kitu unachokitembelea ukiwa na mswaki mdomoni. Huku Newala wananitania kwamba sisi watu wa chini tunaoga kila siku kwa sababu hatuna kazi nyingine. Mwanzoni nilikasirika. Sasa nimekaa miaka mitatu, na nimejifunza kuoga kwa kopo moja na kubakiza la kunawa uso.

Shuleni kwetu, kila siku saa tisa alasiri, kidato cha pili wanabeba ndoo, wanateremka hadi chemchemi iliyo bondeni, wanateka, wanapanda. Maji ya jikoni, maji ya walimu, maji ya vyoo. Hakuna anayesema anakwenda kuteka maji. Wanasema "tunashuka," basi, kana kwamba duniani hakuna mteremko mwingine. Mabomba ya mradi wa maji yalikuwepo, lakini yalikuwa yamelala uwanjani tangu mwaka jana, na kazi yake ilikuwa kukaliwa wakati wa mapumziko.

Sasa chanzo cha balaa. Mwezi wa nane nilipelekwa semina Masasi, semina ya motisha. Tuliambiwa mwanafunzi anayefeli hajakosa akili, amekosa motisha. Mpe sababu ya kusoma, atasoma. Tulipewa soda, wali kwa kuku, na kalamu. Nilikubali kila kitu. Kwa wali ule, hata wangetuambia korosho inaota chini ya ardhi kama muhogo tungeandika.

Nikarudi nimefura. Nikamfuata mkuu wa shule, Mama Upendo, mama wa Singida, mfupi wa kimo na mrefu wa sauti. Nikamwambia darasa linahitaji zawadi.

"Zawadi utaitoa wapi, mwalimu?" akaniuliza. "Chaki yenyewe tunaikata vipande."

Ndipo nikapata wazo, na nililiona la kipekee mno hata nikajipongeza njiani. Nikatangaza kwenye paredi: watakaoshika nafasi sita za juu katika jaribio la Baiolojia, basi, hawatashuka tena. Wenzao wakihangaika na ndoo, wao watakaa maktaba wajisomee kwa raha zao.

Nilitegemea vigelegele. Paredi nzima ikanyamaza. Nikajiambia wamezidiwa na furaha.

Maktaba yetu, niseme ukweli, ni chumba chenye kabati moja. Kabati limefungwa, na ufunguo wake uliondoka na mwalimu aliyehamishiwa Mtwara. Lakini kuna madirisha.

Jaribio la kwanza, wa kwanza akawa Somoe. Siku zote ni Somoe. Ni binti mwembamba wa dawati la mbele, mwenye tabia ya kukusahihisha kwa adabu hata unamshukuru: "Samahani, mwalimu, labda ulitaka kusema figo." Yeye na wenzake watano wakaingia maktaba. Nilipochungulia niliwakuta wamekaa mmoja mmoja, mikono mapajani, wametulia kama watu wanaosubiri kuitwa na hakimu. Nikasema moyoni, hao ndio wasomi.

Jaribio la pili likaja. Darasa likaanguka lote.

Sisemi walishuka kidogo. Walianguka. Mada ni ileile ya kwanza, mmeng'enyo wa chakula, nimegeuza maswali tu. Bakari Chikoti, dume la darasa, mwenye sauti ya muadhini na mwandiko wa kuku, aliandika kwamba nyongo hutengenezwa na hasira. Mwingine alipeleka chakula moja kwa moja kwenye mapafu, na mgonjwa wake akaendelea kuishi. Wale sita wangu wa maktaba nao walikuwa mkiani, na mkiani kabisa alikuwa Somoe. Kwenye maswali ya kweli au si kweli alikosa yote. Yote! Mfunge mbuzi kalamu kwenye pembe, nusu atapata.

Ili ukose yote, lazima uyajue yote.

Hapo nikaogopa. Wengine walikuwa hawajui kweli, hilo ni deni langu kama mwalimu. Lakini huyu alikuwa amefeli kwa makusudi, kwa bidii, bila kuteleza hata mahali pamoja. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili ni mwezi ujao, na anayeshindwa anakariri mwaka. Na siku mbili baada ya jaribio nikapata mgeni ofisini, mzee mwenye mikono iliyobabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho. Baba Somoe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Za kazi? Mie sikukalii sana, wanunuzi wananingoja. Nimesikia mtoto kawa wa mwisho."

"Ni jaribio tu, mzee. Somoe ana akili sana."

"Najua anayo, ndiyo maana nikamleta. Mie shule siikatai. Ila kukariri, hapana. Akirudia darasa namtoa, aende Chiungutwa kwa shangazi yake, akakae dukani. Akili itamsaidia kurudisha chenji."

Alisema bila ukali wowote, akaniaga vizuri. Ukali ningeweza kuujibu. Nilimwona Somoe nyuma ya kaunta kule Chiungutwa, akimwambia mteja wa sukari, "Samahani, labda ulitaka kusema robo kilo."

Nilimwita Somoe nikamuuliza kulikoni. Akaangalia vidole vyake vya miguu. Nikabembeleza, nikakaripia, nikabembeleza tena. Akaniambia tu, "Nisamehe, mwalimu. Sasa nitashuka, si ndiyo?" Maana kwa kufeli, kwa sheria yangu mwenyewe, alikuwa amepoteza zawadi.

Aliuliza kwa matumaini. Hilo ndilo lililonishangaza.

Kwa hiyo jana, saa tisa, nikachukua ndoo nami nikashuka. Kidato cha pili walipoona nimesimama kwenye msururu walicheka hadi wakashikana mabega. Bakari akanisokotea ngata ya majani ya kuwekea ndoo kichwani, akaniambia, "Mwalimu, utaihitaji wakati wa kurudi, Mungu akipenda." Sikuipenda ile "Mungu akipenda."

Njia inaanza pale ukingoni, katikati ya mawe mawili makubwa. Somoe akawahi mbele, akapanda juu ya jiwe, akageuka. Sijawahi kumwona vile. Darasani ananong'ona. Pale alikuwa kama kungwi mbele ya wanawali wake.

"Tuko wapi?"

"Mdomoni!" darasa likajibu.

"Nani anakaa hapa?"

"Meno! Ulimi! Mate!"

"Mate kazi yake?"

Wakaitikia kazi ya mate, wote, kwa mdundo, ndoo zikipigwa matako. Nikasimama mdomo wazi, na nadhani palikuwa mahali pake.

Tukaingia kwenye kijia chembamba kilichobanwa na miamba, ambako lazima mpite mmoja mmoja na aliye nyuma anamsukuma aliye mbele. Hilo lilikuwa umio. Wakanieleza, huku wakinisukuma, kwamba chakula hakianguki chenyewe, husukumwa. Nilielewa umio jana kuliko nilivyouelewa chuoni. Chini yake njia inapanuka, pana mikorosho, na mabibo yamejaa chini. Tumboni. Kila mmoja lazima atafune bibo, na ule ukali wake unaokwaruza koo ndiyo tindikali. Jiwe kubwa la rangi ya kahawia upande wa kulia ni ini, na dogo lililojificha chini yake ni nyongo. Bakari aliligusa alipolipita, akaniangalia kwa aibu.

"Mwalimu, lile la hasira niliandika kwa kuwa siku zile nilikuwa nalipita bila kuulizwa."

Baadaye ni kona, kona, kona, vichaka vikikugusa mikono na miguu pande zote. Utumbo mwembamba. Vichaka ndivyo vile vijidole vinavyofyonza chakula. Majina wanayataja kwa Kiingereza cha mtihani, halafu Kiswahili, halafu Kimakonde pale penye utani ambao mwalimu hatakiwi kuuelewa. Mimi Mmakua nilielewa nusu, na nusu ilinitosha.

Na mwisho wa kona, chemchemi. Somoe akasimama na mikono kiunoni.

"Utumbo mpana kazi yake?"

"Kufyonza majiii!"

Nikakaa chini kwenye jiwe. Maji yenyewe haya hapa. Aliyepanga bonde hili alikuwa ameusoma muhtasari wa Baiolojia. Nikauliza kile kijia kinachoendelea mbele ya chemchemi kuelekea vichakani kinaitwaje, na darasa zima likaangua kicheko, na Somoe akasema, "Huko, mwalimu, usiulize." Sikuuliza.

Utaratibu wao ni huu: anayejibu vizuri njiani anateka kwanza, maji yakiwa meupe. Asiyejibu anasubiri hadi mwisho, anateka tope, na huko nyumbani au jikoni atajibu mwenyewe kwa nini maji ni tope. Wameutunga wenyewe, tangu mwanzo wa mwaka. Semina ya motisha ilikuwa inafanyika kwenye mteremko huu kila siku saa tisa, bila soda, na mimi nikaenda kukitoa kichwa chake nikakifungia maktaba. Wote sita niliowafungia ndio waliokuwa wakiuliza maswali. Waliobaki walishuka kimya kama punda.

Wengine wakiteka nikamsogelea Somoe.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akachovya ndoo, akamwaga, akachovya tena. "Mwalimu, sisi tulidhani tumekosa."

"Mmekosa nini? Niliwapa zawadi!"

"Huku kwetu anayezuiwa kushuka na wenzake ni mgonjwa. Au mwali aliyewekwa ndani. Bibi aliniuliza, umechezwa unyago mara ya pili? Mama akanichemshia dawa ya homa. Tukakaa sita pale chumbani tukiulizana, kosa letu lilikuwa nini?"

Niliona haya, shajara. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Watoto walishika nafasi za juu, na mimi nikawatenga na wenzao nikaita motisha. Kwa miaka mitatu nimekunywa maji ya mteremko ule bila kujiuliza hata siku moja nini kinatokea njiani.

"Mtihani wa taifa," nikamwambia, "usije ukakosa kwa makusudi. Baba yako..."

"Najua, mwalimu. Sirudii. Kukosa yote ni kazi, siku ile nilitoka jasho kuliko siku zote." Akainua ndoo yake kichwani bila kushikwa mkono. "Ila na wewe usitupe zawadi nyingine."

Safari ya kupanda nitaifupisha, kwa heshima yangu. Nilimuuliza Bakari kupanda kunaitwaje, akasema, "Kupanda ni kutapika, mwalimu." Nami nilitapika. Kwenye tumbo nilipoteza robo ya ndoo, kwenye umio nikateleza nikaimwaga iliyobaki shingoni kwa aliyekuwa nyuma, na mdomoni nilifika na maji ya kutosha kumeza kidonge. Mpishi wa shule aliyapokea kwa mikono miwili, akanishukuru sana, akayamwagia mchicha.

Leo asubuhi, nikitembea kama niliyetahiriwa jana, nikaenda kwa Mama Upendo nikamweleza yote: mawe, mabibo, ini, chemchemi. Nikamwomba zawadi ifutwe. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Akamwita mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuwa anafagia nje, akamuuliza chakula kinapita wapi. Yule mtoto akafumba macho na kuanza kutembea papo hapo, akinyoosha mkono kulia alipofika kwenye ini. Mama Upendo akasema, "Haya. Zawadi imekufa."

Nikatoka nimefurahi. Furaha yangu ilidumu mpaka saa nne.

Saa nne bomba likatoa maji.

Yale mabomba ya kukalia, shajara! Fundi alikuwa ameyaunga wiki hizi mbili huku mimi nikiwa nashughulika na motisha. Likakohoa, likatema mjusi, likatoa maji. Mpishi akapiga kigelegele kilichosikika sokoni. Mwalimu wa Uraia akacheza. Watu wakaja na kila chombo, hata kofia. Na mimi nafurahi pia, nisidanganye. Nimeona akina mama wa huku wakipanda ule mteremko na watoto mgongoni, na hakuna mwenye haki zaidi ya kufungua bomba nyumbani kuliko wao. Lakini mtihani ni mwezi ujao.

Mama Upendo, viongozi wa kata wakiwa wamemzunguka, akapanda kwenye ngazi ya ofisi akasema kwa ile sauti yake, "Kuanzia leo, kushuka kumekwisha! Ile zawadi mwalimu wenu aliyowapa watu sita, sasa mmeipata wote!"

Viongozi wakapiga makofi. Kidato cha pili wakalitazama bomba kama linavyotazamwa jeneza.

Halafu nikamwona Somoe anakwenda mbele na kikombe. Akakinga, akaonja, akakunja uso kidogo, kwa adabu.

"Samahani, mama. Haya maji yana kutu."

Bakari, ambaye hakuwa ameonja hata tone, akashika tumbo na kuinama.

Fundi akaruka. "Kutu itoke wapi? Mabomba mapya haya!"

Mama Upendo akanigeukia. Wote wakanigeukia. "Wewe ndiye mtaalamu wa matumbo," akasema. "Onja."

Nikaonja. Yalikuwa baridi, safi, matamu kuliko maji yote niliyokunywa tangu nipande Newala. Nikayameza polepole ili nipate muda wa kufikiri. Juu ya kikombe niliona macho ya Somoe, hayaombi, yanangoja tu, kama alivyongoja pale juu ya jiwe ajibiwe swali.

"Ni kweli, mama," nikasema. "Kutu ipo."

"Mwalimu," fundi akasema kwa uchungu, "haya mabomba ni ya plastiki."

Nikamwomba Mungu anichukue, lakini Naye nadhani alikuwa anataka kuona itaishaje.

"Basi ni plastiki," nikasema. "Ina... inahitaji kutulia. Wanakijiji wakubwa matumbo yao yamekomaa, wanywe tu. Lakini hawa watoto, tungeyapa muda."

"Muda gani?" Mama Upendo akauliza.

"Kama katikati ya mwezi wa kumi na moja hivi."

"Mtihani wa kidato cha pili unakwisha lini?"

"Kama katikati ya mwezi wa kumi na moja hivi, mama."

Akaniangalia. Akachukua kikombe mkononi mwangu, akanywa yaliyobaki yote, taratibu, akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga.

"Kutu," akasema. "Kutu mbaya sana. Kidato cha pili, ndoo zenu."

Sijawahi kumpenda mkubwa wa kazi kama nilivyompenda mama yule dakika ile. Darasa likatawanyika mbio kutafuta ndoo, na Bakari akapona tumbo papo hapo. Fundi wa watu alikusanya spana zake moja moja bila kuniangalia. Nitampelekea jogoo, na nitamweleza, na sijui nitaanzia wapi.

Nilikuwa nimeanza kuondoka nikichechemea nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mwalimu! Na wewe unashuka nao. Kila siku mpaka kutu iishe. Ndoo iliyojaa, siyo ya kumwagia mchicha."

Nimeshuka leo, nimepanda leo. Nimefika na nusu ndoo. Tumboni Somoe aliniuliza kongosho hutoa nini, nikababaika kwa kukosa pumzi, akaniweka mwisho wa msururu. Nimeteka tope. Lipo pale pembeni ya mlango, naliangalia linavyotuama.

Hivi mtu akilisingizia bomba kwa ajili ya utumbo mpana, anaandikiwa dhambi? Na baada ya mtihani, njia ile ikibaki ya mbuzi tu, kidato cha pili wa mwakani watajifunzia wapi? Nilicho nacho ni dawa ya kuchua misuli, kidogo, chupa inaelekea kwisha.

Magoti, sikilizeni. Kesho saa tisa, mdomoni.